Ipelekeni Mbali

Meli iliyotoboka haizami papo hapo. Sinema zimetuzoesha vibaya: mlipuko, mayowe, maji, kwisha. Kumbe meli kubwa iliyoumia inaweza kuelea kwa siku kadhaa, hata wiki, imeinama upande, injini kimya, watu wa nchi kavu wakipigiana simu. Na kwa kuwa haizami papo hapo, lazima atokee mtu wa kuamua ifanyiwe nini. Saa hizo za katikati, chombo kikiwa hakijafa na hakijapona, ndizo ninazotaka tuziongelee. Mainjinia wana maswali yao humo. Lakini kuna swali jingine ambalo hesabu pekee haiwezi kulimaliza: aliyeumia, ambaye ukimpokea anaweza kukuumiza na wewe, anakudai nini?

Nichukue kisa kimoja, tukifuate hadi mwisho.

Tarehe 13 Novemba 2002, meli ya mafuta iitwayo Prestige ilikuwa ikipita karibu na Galicia, ile pembe ya kaskazini-magharibi ya Uhispania, katikati ya dhoruba. Ndani kulikuwa na takriban tani 77,000 za mafuta mazito, yale meusi yanayofanana na lami kuliko petroli. Meli ilikuwa imeundwa mwaka 1976, na ganda lake lilikuwa la ukuta mmoja, yaani kati ya mafuta na bahari palikuwa na bamba moja tu la chuma. Ikiwa kilomita 50 hivi kutoka Rasi ya Finisterre, ubavu wa kulia ukapasuka, maji yakaingia, na meli ikalala kwa nyuzi zipatazo 25. Ukitaka kuziona nyuzi 25, inua upande mmoja wa meza mpaka kikombe cha chai kianze kuteleza, halafu endelea kuinua kidogo. Sasa fikiria hiyo meza ina urefu wa zaidi ya viwanja viwili vya mpira, na mawimbi yanaipiga.

Helikopta za uokoaji zilikuja zikawachukua mabaharia 24. Nahodha, Mgiriki wa miaka 67 aitwaye Apostolos Mangouras, akabaki na mkuu wa injini na afisa wake wa kwanza. Kisha akafanya jambo ambalo kesi yake haiwezi kusimuliwa bila kulitaja: akafungua matangi matupu ya upande wa kushoto yajae maji ya bahari.

Anayeumwa na maji anaongeza maji? Ndiyo. Wazee wa majahazi wana neno la uzito wa aina hiyo, farumi: mawe au mchanga unaopakiwa chini chombo kikiwa hakina shehena, ili kisiyumbe na kulala. Meli za siku hizi hutumia maji badala ya mawe. Upande wa kulia ulikuwa umezidiwa, kwa hiyo Mangouras akatia farumi kushoto. Na ikafanya kazi. Meli ikainuka, ikasimama karibu wima.

Hapa inabidi tutenganishe mambo mawili ambayo tumezoea kuyaita kwa jina moja, uimara.

La kwanza ni kusimama. Kiswahili kina neno la kale la chombo kinachoyumba huku na huku: mrama. Leo tunalitumia kwa mipango iliyoharibika na mapenzi yaliyovunjika, na wengi wetu wa bara tulilisikia kwanza kwenye nyimbo na redio bila kujua ni neno la bahari. Meli huenda mrama na kurudi kwa sababu ya mvutano kati ya uzito wake unaoivuta chini na maji yanayoisukuma juu. Ikiinama, maji ya upande ulioinama huisukuma irudi. Tatizo huanza maji yakiwa ndani. Jaribu kubeba karai lililojaa maji nusu halafu utembee haraka. Ukiyumba kidogo kulia, maji yote yanakimbilia kulia na kukuvuta zaidi. Meli yenye maji ndani iko hivyo: kila inapoinama, kilichomo kinaihimiza iiname zaidi, mpaka siku moja hairudi.

La pili ni kuvumilia. Laza muwa mrefu juu ya mikono miwili, mmoja kila ncha, na katikati utalegea. Uweke juu ya mkono mmoja wa katikati, na ncha zote mbili zitashuka. Wimbi kubwa huifanyia meli yote mawili, kwa zamu, kila baada ya sekunde chache, mchana na usiku. Meli nzima hustahimili kwa sababu imejengwa kama sanduku: sakafu, kuta na paa vinasaidiana. Ukichana ukuta mmoja, sanduku limepoteza sehemu ya nguvu yake, na ule muwa umeshakatwa nusu.

Basi dawa ya tatizo la kwanza inaweza kuwa sumu kwa la pili. Maji aliyoyaongeza nahodha yaliisimamisha meli, lakini yaliongeza maelfu ya tani palepale ambapo chuma kilikuwa kimechanika. Ilinyooka kwa kujitwika mzigo. Kwa mbali, kwa mtu anayetazama kwa darubini kutoka pwani, ilionekana nafuu. Kwa ndani ilikuwa inakazwa zaidi ya ilivyoweza.

Alikosea? Wataalamu walibishana juu ya hilo kwa miaka. Ninachokiona mimi ni hiki: meli iliyolala nyuzi 25 katika dhoruba iko karibu kupinduka, na ikipinduka hakuna mjadala tena. Kwa kuisimamisha alinunua muda. Lakini muda hununuliwa kwa ajili ya kitu fulani. Yeye alikuwa anaununua akitegemea kwamba mtu, mahali fulani, atampa maji tulivu.

Hakuna aliyempa. Usiku upepo uliisukuma meli hadi kesho yake ikaonekana kutoka kijiji cha Muxía, na amri ya wakuu wa Uhispania ikawa moja: ipelekeni mbali. Boti za kuvuta zikaielekeza baharini, kule kwenye mawimbi makubwa zaidi. Ureno nayo haikuitaka karibu na maji yake. Siku sita ilizungushwa hivyo. Tarehe 19 Novemba ikakatika vipande viwili, zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani, ikazama kina cha zaidi ya mita 3,500. Mafuta yaliyomwagika yalizidi tani 60,000. Yalifika Galicia, yakafika ufuo wa kaskazini mwa Uhispania, yakafika Ufaransa. Maelfu ya watu wa kujitolea walivaa ovaroli nyeupe wakainama wakikwangua miamba kwa mikono.

Nahodha alikamatwa alipofikishwa nchi kavu. Alikaa rumande siku 83, akatoka kwa dhamana ya yuro milioni tatu. Mwaka 2013 mahakama ya A Coruña ilimwondolea kosa la kuharibu mazingira na kumtia hatiani kwa kukaidi amri, kwa kuchelewa kukubali meli ivutwe. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikageuza mambo, ikampa miaka miwili kwa uzembe ulioharibu mazingira. Majaji walikuwa na hoja zao: meli ilikuwa kuukuu, na nahodha aliijua hali yake.

Sawa. Lakini tazama swali lililobaki nje ya chumba cha mahakama. Hoja ya kuitetea ile amri, ambayo ungali unaisikia, ni kwamba meli ilikuwa mbovu na ingevunjika tu. Ati chuma chake kilikuwa kimechoka. Hii hoja ina kasoro moja kubwa: inaongea kama kwamba uimara ni mali ya meli peke yake, kitu anachotembea nacho kama kitambulisho mfukoni. Umeona juu hapo kwamba si hivyo. Kinachomkunja muwa ni mkono, na kinachoikunja meli ni wimbi. Chuma kilekile, na jeraha lilelile, katika maji tulivu hakikunjwi, na katika dhoruba ya Atlantiki kinakunjwa maelfu ya mara kwa siku. Hakuna anayeweza kuapa kwamba Prestige ingepona ndani ya ghuba. Lakini aliyeichagulia bahari amechagua sehemu ya matokeo, na hawezi kurudi baadaye akasema, mnaona, si niliwaambia haikuwa imara?

Naomba niseme kwa nini hoja hiyo inanigusa. Niliacha chuo mwaka wa tatu, baada ya baba kupoteza kazi na karo kusimama. Niliomba kupewa muhula mmoja wa kulipa polepole. Jibu lilikuwa nilipe au niondoke. Nilielewa, hata chuo kina bili za stima. Nilichoshindwa kumeza ni maneno yaliyokuja baadaye, kutoka kwa watu wenye heshima zao, kwamba wanafunzi wa siku hizi hawana ustahimilivu. Sitaki kujifananisha na meli ya mafuta, maana mimi nilikuwa na nyumbani pa kurudi, na isitoshe, meli haisikii ikisengenywa. Lakini mantiki ni ileile: kwanza unampeleka mtu kwenye mawimbi, halafu unapima chuma chake.

Sasa tuwe wa haki kwa watu wa Galicia, kwa sababu ni rahisi sana kuwahukumu ukiwa Nairobi na laptopu. Pwani yao inaishi kwa bahari. Kuna wavuvi, kuna mashamba ya kome yanayoning'inia kwenye ghuba, kuna watu wanaoshuka miambani wimbi likirudi nyuma ili kung'oa viumbe wa baharini mmoja mmoja. Na walikuwa na kumbukumbu. Mwaka 1992, tarehe 3 Desemba, meli ya mafuta Aegean Sea ilikwama mwambani ikijaribu kuingia A Coruña, ikakatika, ikawaka moto, ikamwaga maelfu kwa maelfu ya tani. Mtu aliyeona moshi ule mweusi juu ya mji wake ana haki ya kuogopa meli nyingine yenye jeraha ikibisha hodi miaka kumi baadaye.

Ila kumbukumbu ina pande mbili. Mji huohuo ulikuwa umepata msiba mwingine tarehe 12 Mei 1976. Meli ya mafuta Urquiola iligonga chini ikiingia bandarini. Wakuu wa bandari, wakihofia mlipuko, waliiamuru itoke baharini. Ikitoka, ikagonga chini tena. Ikalipuka. Nahodha wake, Francisco Rodríguez Castelo, akafa. Kwa hiyo pwani moja ilikuwa na masomo mawili kabatini: meli inayokuja inaweza kukuunguza, na meli unayoifukuza inaweza kukuunguza pia. Mwaka 2002 ni somo la kwanza tu lililotolewa kabatini.

Nadhani najua sababu. Hatari iliyo ndani ya bandari ina anwani. Meli ikivunjika pale, kila mtu atajua nani alisema iingie, jina lake litatajwa kwenye habari za saa moja, na mvuvi wa pale atamjua wa kumlaani. Hatari iliyosukumwa mbali haina anwani mpaka itakapotua, na ikitua itakuwa imetawanyika, kila ufuo na fungu lake, na aliyetoa amri atakuwa amebadilishwa wizara. Ndiyo maana mbali huonekana padogo. Mafuta hayakupungua hata tani moja kwa kuvutwa baharini. Kilichopungua ni uwezekano wa mtu mmoja kulaumiwa.

Kuna waliofanya tofauti. Januari 2007, meli ya makontena MSC Napoli ilipasuka ubavuni katika dhoruba kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Mabaharia wote 26 waliokolewa. Boti zikawa zinaivuta kuelekea bandari moja ya Uingereza, na njiani nyufa zikawa zinaongezeka. Uingereza ilikuwa imejifunza jambo baada ya ajali ya Sea Empress huko Wales mwaka 1996: tangu 1999 kulikuwa na afisa mmoja mwenye mamlaka ya kuamua kuhusu meli zilizoumia, na mawaziri hawaruhusiwi kumwingilia kati ya uamuzi. Afisa huyo aliamua meli isiendelee, isirudi baharini, na isisubiri. Tarehe 20 Januari ikapandishwa makusudi kwenye maji ya kina kifupi karibu na kijiji cha Branscombe, Devon. Na ule si ufuo wa ovyoovyo. Ni sehemu ya pwani iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Branscombe ililipa. Makontena zaidi ya 100 yalianguka, mengine yakatupwa ufuoni, na umati ukaja kubeba kila kitu, hadi pikipiki mpya. Mafuta kiasi yalivuja na ndege wa baharini wakafa. Lakini mafuta mengi yalinyonywa na kuondolewa, na mzoga ukavunjwavunjwa na kutolewa. Ufuo upo hadi leo, watu wanaogelea.

Kuipokea, hata hivyo, hakutoshi. Sisi wa Maziwa Makuu tuna kisa chetu kinachofundisha hilo kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, ikiwa na watu wengi kuliko ilivyoruhusiwa. Mamia walikufa. Meli haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, na ndani yake walikuwamo watu hai, wakigonga chuma. Waokoaji walifanya ambalo yeyote kati yetu angetaka kufanya akisikia mlio ule: wakakata tundu ili wawatoe. Lakini kilichokuwa kikiielesha meli ni hewa iliyonaswa humo ndani. Tundu likaitoa hewa, na meli ikashuka nao.

Sisimulii hili kumlaumu mtu. Waliokata walikuwa wanawakimbilia wenzao, na huruma yao ilikuwa ya kweli kuliko tahadhari ya ofisi yoyote. Nasimulia kwa sababu chombo kilichoumia kina jambo la ajabu: kinachokishikilia mara nyingi hakionekani. Kwa Bukoba ilikuwa hewa chini ya sakafu iliyogeuka paa. Kwa Prestige ilikuwa maji ya upande wa kushoto. Kwa Napoli ilikuwa ni umbali uliobaki kabla ufa haujafika upande wa pili. Mtu anayetaka kusaidia, na hata anayetaka kufukuza, anatakiwa kuanza na swali lilelile: ni nini bado kinaishikilia, na nikiigusa, nitakuwa nimekiondoa?

Turudi sasa kwenye deni. Sheria ya bahari ni kali na ya zamani kuhusu watu: mtu akiwa hatarini, unamwokoa, bila kumuuliza pasipoti. Kuhusu meli yenyewe, watu wakishatolewa, sheria inanyamaza. Meli Castor ilikuwa na ufa sitahani na shehena ya petroli mwanzoni mwa 2001, ikazunguka Mediterania zaidi ya mwezi mmoja ikikataliwa na nchi moja baada ya nyingine, hadi shehena yake ikapakuliwa hukohuko baharini. Baada ya Prestige, Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha miongozo ya mahali pa kukimbilia kwa meli zenye shida, Desemba 2003. Miongozo, siyo amri. Nchi inashauriwa kupima hatari za kupokea na hatari za kukataa. Hailazimishwi kufungua mlango.

Na hapa kuna jambo la kutuhusu. Mkataba wa kimataifa wa kuondoa mabaki ya meli zilizozama au kukwama ulipitishwa Nairobi, tarehe 18 Mei 2007, na unaitwa kwa jina la mji wetu. Ulianza kufanya kazi mwaka 2015. Yaani mji ulio karibu kilomita 500 kutoka baharini ndio umebeba jina la sheria ya mizoga ya meli. Nani aondoe mzoga, nani alipe, bima gani iwepo, yote yameandikwa. Mfu ana mkataba. Majeruhi ana ushauri.

Lakini bahari ilikuwa na jibu kabla ya mikataba yote hii, na ni jibu ninalolipenda kuliko la mwanafalsafa yeyote niliyesomeshwa. Linatajwa kwa jina la kisiwa cha Rhodes na lilihifadhiwa katika sheria za Warumi: chombo kikiwa katika hatari na shehena ya mtu mmoja ikitoswa ili kukiokoa, hasara yake inalipwa na wote waliookoka. Mwenye pilipili iliyotupwa hawezi kurudi nyumbani maskini huku mwenye vitambaa vilivyobaki akiuza kwa faida. Kanuni hiyo ingali inatumika katika biashara ya meli mpaka leo.

Sisi mtaani tumelichukua neno hilo la baharini na kulikata nusu. Mtu akiachwa na mpenzi wake husema ametoswa. Kikundi kikimuacha mwenzao nje ya dili, wamemtosa. Tumebakiza kile kitendo cha kutupa; ile sehemu ya kulipa tumeiacha majini. Katika sheria ya kale anayetoswa hapotei. Anageuka kuwa mdai.

Nafikiri hilo ndilo lililokosekana Galicia, na ndilo linalokosekana kila mahali tunaposukuma shida mbali. Siwezi kusema kila meli iliyoumia lazima ipokelewe. Zipo zitakazolipuka gatini na kuua mji. Pengine kuna siku ambayo amri sahihi ni ile ile, ipelekeni mbali. Lakini amri hiyo ni utosaji, na utosaji una deni. Ukiwafukuza, unawadai fidia wote waliookolewa na kufukuza kwako, kwa niaba ya wale ambao mafuta yatawafikia. Na ukiwapokea, kijiji kitakachopata makontena na ndege waliokufa kimetoswa kwa ajili ya wengine, basi wengine wakilipe. Bila hivyo, kila bandari itakuwa na akili ya kukataa, maana anayefungua mlango ndiye anayebaki na bili. Wakati wa Prestige, mfuko wa kimataifa wa fidia ulikuwa na kikomo cha takriban yuro milioni 172, na hasara ilikuwa kubwa mno kuliko hizo. Katika hali kama hiyo, kumwambia mkuu wa bandari awe na utu ni kumwomba alipe peke yake.

Kitu kibaya kuliko vyote ni kutosa halafu kukana deni, kwa kusema kilichotoswa hakikuwa na thamani, chuma kilikuwa kibovu, angeshindwa tu. Hapo umemtupa mtu mara mbili: mara ya kwanza baharini, mara ya pili kwenye hadithi.

Tuseme basi ingekuwa hapa. Meli yenye ufa iko nje ya Mombasa, kusi inavuma, nahodha anaomba Kilindini. Jina lenyewe linasema, kwenye kilindi, maji ya kina yaliyokingwa na nchi. Ndani kuna Port Reitz na mikoko yake, kuna wavuvi, kuna kivuko cha Likoni na maelfu wanaovuka kila siku, kuna gati linalolisha Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Wewe ungesema nini? Mimi ningetaka kusema iingie. Halafu najikumbusha kwamba mikoko si yangu, na mtego wa samaki utakaojaa lami hautakuwa wa mtu wa Umoja wala Kasarani. Ukarimu wa mali ya mwenzako ni rahisi.

Lakini pia siwezi kujifanya sihusiki. Mafuta yaliyoiendesha bodaboda niliyopanda leo yalishuka Mombasa. Ngano ya chapati, simu mkononi mwako unaposoma haya, mitumba ya Gikomba, vyote vilikuja kwa maji. Kwa hesabu ya ile sheria ya kale, sisi wote tuna shehena ndani ya hizo meli, hata sisi tusiojua kuogelea. Kwa hiyo siku hiyo ikija, kabla ya kusema iingie au ipelekwe mbali, tuulize kwanza bili itaandikwa majina gani, na tuhakikishe jina la Nairobi limo.